Diski tatu za 4TB: unga mbili, ya tatu ilale kwingine

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Morogoro, kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi, sendofu na vipaimara. Mwezi uliopita hadi diski (hard disk) yangu ya 2TB ilikufa ikiwa na kazi za wateja wawili, na nusura tufikishane polisi. Sasa nimejipanga kununua diski tatu za 4TB niziunge kwa RAID 5, yaani zifanye kazi kama diski moja, kwenye kompyuta yangu ya mezani yenye Windows 11, nisipoteze tena kazi ya mtu. Fundi mmoja kaniambia nifanye RAID 0 kwa sababu ndiyo yenye kasi. Mwingine kasema RAID ni mambo ya seva, nyumbani haina maana. Nimsikilize nani, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Harusi hairudiwi, na ndiyo maana mteja aliyekosa video yake hakuelewi hata ukimrudishia pesa yote.

Kwanza hiyo diski iliyokufa, maana naona umeshaizika. Kama inagonga-gonga kila ukiiwasha, acha kuiwasha. Huenda vichwa vya kusomea vinakwaruza sahani za ndani, na kila jaribio linapunguza kinachoweza kuokolewa. Usiifungue, na usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana vijiweni. Kama haigongi ila kompyuta haiioni tu, badilisha kebo na tundu la SATA (la kuunganishia diski). Kama ilikuwa ndani ya kasha la USB, itoe uichomeke moja kwa moja kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Wakati mwingine kinachokufa ni bodi ndogo ya kasha, diski yenyewe nzima. Ikionekana, halafu Windows ikauliza kama ungependa kuifomati, kataa, kisha mpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data.

Sasa swali lenyewe. Mafundi wako wote wawili siwaungi mkono, na wewe mwenyewe umelikaribia jibu bila kulifikia. Nunua diski tatu kama ulivyopanga, lakini unga mbili tu, kwa RAID 1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili. Ya tatu usiiingize kwenye RAID kabisa. Iwe ya bakapu, ichomekwe wakati wa kunakili tu, na ikimaliza ikalale kwenye nyumba nyingine: kwa ndugu, kwa rafiki, popote pasipo na hiyo kompyuta.

Nakwambia hivyo kwa sababu barua yako inaonyesha unaitegemea RAID kwa kazi ambayo haikuundwa kuifanya. RAID inakuhakikishia jambo moja: diski moja ikifa leo saa nne asubuhi, mteja anakuja kuchukua kazi saa sita, wewe unaendelea kuhariri bila kusimama. Ni jambo kubwa hilo, silidharau. Ila RAID 1 ni kama makarani wawili wanaoandika barua ileile kwa wakati mmoja: ukiwaamuru wafute ukurasa, wote wawili wanafuta. Ukifuta folda kwa bahati mbaya saa nane usiku ukiwa na usingizi, imefutika kwenye diski zote papo hapo. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia kikiingia kwa kupitia programu ya kuhariri uliyoipakua bure, kinafunga nakala zote mbili. Mwizi akibeba CPU, kabeba RAID nzima. Umeme ukirudi kwa kishindo ukaunguza pawasaplai, unaweza kuondoka na diski zote zilizokuwa zimechomekwa humo. Kwenye mikasa yote hiyo kinachokuokoa ni diski iliyokuwa imechomolewa na iko mbali.

Kuhusu RAID 0. Kweli ina kasi, kwa sababu kila faili inakatwa vipande, nusu vinaandikwa diski hii na nusu ile, kwa pamoja. Lakini hakuna nakala ya chochote, na ikifa yoyote kati ya hizo mbili umepoteza vyote, kwa hiyo hatari yako inakuwa karibu mara mbili ya kutumia diski moja. Na hiyo kasi unaihitajia nini? Kamera nyingi za 4K za kiwango chako zinarekodi megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5. Diski moja ya kawaida ya inchi 3.5 inasoma megabaiti 150 na zaidi kwa sekunde inapovuta faili kubwa. Ukiona video inakwama-kwama wakati wa kuhariri, mara nyingi tatizo ni prosesa, memori au kadi ya picha. Kama kweli ni diski, nunua SSD ndogo (diski ya kasi isiyo na sahani za kuzunguka), hariri kazi ya wiki hii humo, ukimaliza ihamishie kwenye hadi diski. RAID 0 kwa kazi ya wateja sikushauri hata kidogo.

Huyu wa pili anayesema RAID ni ya seva, historia haimuungi mkono. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala wakieleza kwamba badala ya kampuni kununua diski moja kubwa ya bei ya kutisha, ichukue diski nyingi ndogo za bei rahisi, kama zile zilizokuwa zikiwekwa kwenye kompyuta za kawaida, izipange zifanye kazi kama moja. Shida ikawa kwamba ukiwa na diski nyingi, siku ya mojawapo kufa inasogea karibu, ndiyo wakapendekeza njia kadhaa za kuweka nakala au hesabu ya ziada ili kifo cha moja kisiangushe zote. Kwa hiyo diski za bei rahisi zimo kwenye wazo hili tangu mwanzo. Siku hizi Windows na Linux zote zinafanya RAID bila kadi yoyote ya ziada.

RAID 5 uliyoichagua inastahili kuelezwa vizuri zaidi, kwa sababu ni wazo zuri sana, tatizo ni mahali unapotaka kulitumia. Diski zikiwa tatu, kwa kila mstari wa data mbili zinabeba data na moja inabeba hesabu, na diski zinapokezana hiyo zamu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: biti mbili zikitofautiana, andika 1, zikifanana, andika 0. Chukua diski ya kwanza ina 1, ya pili ina 0, basi ya tatu inaandikwa 1. Sasa ya pili ikifa, umebaki na 1 upande wa data na 1 upande wa hesabu. Hesabu ya 1 inakwambia biti mbili zilitofautiana, kwa hiyo iliyopotea ilikuwa 0. Ukirudia hivyo kwa kila biti, diski nzima imerudi. Kwa diski tatu za 4TB unapata nafasi ya 8TB, na ndiyo iliyokuvutia.

Lakini angalia siku ya msiba wenyewe. Moja imekufa, umeweka mpya, kompyuta inaanza kuijenga upya. Ili kuijenga lazima isome mbili zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, TB 8, kwa saa nyingi mfululizo, na muda wote huo huna akiba yoyote. Watengenezaji wa diski za nyumbani wengi huandika kwamba sehemu isiyosomeka haizidi moja kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni sawa na TB 12.5. Hicho ni kikomo cha kwenye makaratasi na diski nzima huwa bora kuliko hapo, ila zako zitakuwa zimenunuliwa siku moja, duka moja, na zimefanya kazi sawasawa katika joto moja. Ikichoka moja, wenzake hawako mbali. Halafu kuna suala la umeme: ukikatika baada ya data kuandikwa na kabla hesabu haijaandikwa, viwili hivyo havilingani tena, na huenda usijue mpaka siku unapoihitaji hiyo hesabu. Na juu ya yote, kwenye Windows mfumo wa hesabu unaandika polepole mno. Wewe unayemwaga memori kadi mbili kila Jumapili utauchukia ndani ya mwezi.

Utasema 4TB ni ndogo. Tupige hesabu. Megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili, kila moja ikirekodi saa tatu, ni gigabaiti 270 kwa harusi moja. Kwenye 4TB zinaingia harusi kumi na nne hivi. Zinatosha kabisa kama una utaratibu wa kufuta video ghafi baada ya mteja kupokea kazi. Andika kwenye risiti au mkataba: video ghafi zinatunzwa miezi kadhaa, mingi utakavyoona inafaa, baada ya hapo zinafutwa. Wapiga picha wengi wanajaza diski kwa sababu hawajawahi kumwambia mteja hilo.

Ukienda kununua, angalia kwanza namna diski inavyoandika. Ziko zinazoandika njia zikipandana kidogo, zinaitwa SMR, na ziko zinazoandika njia kila moja peke yake, CMR. Za SMR ni sawa kwa kuhifadhi, lakini ukiziandika mfululizo kwa saa nyingi zinazorota, na RAID inaweza kuiona diski imekwama ikaitoa kundini wakati haijafa. Mwaka 2020 kulizuka kelele kubwa pale Western Digital ilipokiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya vifaa vya kuhifadhia data, zilikuwa SMR. Baada ya hapo zile za CMR zikaitwa Red Plus. Kwa hiyo Red Plus, au IronWolf ya Seagate, zinafaa kwa zile mbili za kuunganishwa. Barracuda ya 4TB, ambayo ni rahisi na imejaa madukani, ni SMR. Iweke kwenye bakapu, huko haina shida.

Kariakoo na kwingineko zipo pia zilizotumika na kusafishwa, zinauzwa kama mpya. Ukifika nyumbani, kabla ya kutupa risiti, weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo usome saa ilizokwisha kuwashwa. Mpya inakuwa na sifuri au karibu na hapo. Ukikuta elfu ishirini, rudi dukani.

Kabla ya kufunga chochote, chukua maski tepu na kalamu. Nakili serial namba ya kila diski, ile ndefu ya kwenye lebo, uibandike upande utakaoonekana diski ikiwa ndani ya kasha. Hatua hii watu wanairuka, halafu siku moja Windows inawaambia diski fulani imekufa, wanatazama mbili zinazofanana kama mapacha hawajui waichomoe ipi, wanachomoa nzima. Hesabu pia matundu ya SATA kwenye mazabodi. Kwenye baadhi ya mazabodi, ukiwa na SSD ya M.2 (ile bapa inayochomekwa kwenye mazabodi yenyewe), tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa. Kijitabu cha mazabodi kinasema ni yapi. Usitumie kasha la USB kwa RAID, kebo ikitikiswa tu diski imetoka kundini.

Sasa kuunda. Zima kompyuta, chomoa diski nyingine zote zenye kazi zako, bakiza ile yenye Windows tu, kisha funga mbili mpya. Kwa kufanya hivyo hata ukikosea kubofya hakuna cha kufutika. Washa, andika Storage Spaces (zana ya Windows ya kuunga diski) kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue. Chagua kuunda kundi jipya, tia tiki diski zako mbili, kubali. Ukurasa unaofuata unauliza jina, herufi ya diski, na aina ya kinga: hapo chagua Two-way mirror, ndiyo RAID 1 kwa lugha ya Microsoft. Kwenye ukubwa acha kilichoandikwa chenyewe. Windows inakuruhusu kuandika ukubwa kuliko diski ulizonazo, kwa matarajio kwamba utaongeza baadaye, lakini zikijaa kabla hujaongeza, sehemu nzima inaweza kujizima. Ukimaliza utaona diski moja ya TB 3.6 hivi. Hujaibiwa: dukani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Fundi anaweza kukwambia uache hayo uwashe RAID ya kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka). Usikubali. Ile si kadi ya RAID ya kweli, kazi bado inafanywa na programu, ila umejifunga kwenye aina ya mazabodi. Ikifa, unaanza kutafuta inayofanana nayo. Na ukibadilisha hiyo sehemu ya BIOS kwenye kompyuta ambayo Windows imeshawekwa, kuna uwezekano mkubwa isiwake kabisa. Kundi la Storage Spaces unaweza kulihamishia kwenye kompyuta nyingine ya Windows 11, ukachomeka diski zote mbili, likajitambua lenyewe.

Kwa wanaotumia Linux, kazi hiyohiyo ni ya mstari mmoja:

sudo mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb /dev/sdc

Hakiki majina ya diski kwa lsblk kabla ya kubonyeza, kisha fomati /dev/md0 kama diski ya kawaida. Ukiandika cat /proc/mdstat utaona [UU] mambo yakiwa sawa, na [U_] moja ikiwa imetoka.

Kabla hujaweka kazi ya mteja hata mmoja, iue diski moja kwa makusudi. Tia video chache za majaribio, zima kompyuta, chomoa kebo ya data ya diski mojawapo, washa. Video zinatakiwa zifunguke kama kawaida, na Storage Spaces iwe na onyo la njano. Ongeza faili moja mpya, zima, rudisha kebo, washa. Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike Get-StorageJob. Kama ukarabati bado unaendelea utaona asilimia zikipanda. Sasa unajua onyo linafananaje, na siku litakapotokea kweli hutababaika.

Siku hiyo ikifika, mpangilio ni huu: soma serial namba ya iliyokufa, ilinganishe na tepu yako, funga mpya, iongeze kundini, ndipo uiondoe mbovu kwenye orodha. Kwa diski ya 4TB iliyojaa, ikinakili megabaiti 150 kwa sekunde, ni muda wa saa saba na nusu, na mara nyingi zaidi ya hapo. Usihariri kitu muda huo. Na kabla hata ya kufunga mpya, chukua ile ya bakapu uinakilie kazi za karibuni.

Usisubiri onyo la Windows pekee. Kila mwezi fungua CrystalDiskInfo uangalie mistari ya 05, C5 na C6. Hiyo ni idadi ya sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana kusomeka. Zikiwa sifuri, sawa. Zikianza kupanda mwezi hadi mwezi, agiza diski hata kama rangi bado ni ya bluu. Joto likigusa nyuzi 50, ongeza feni au toa CPU chini ya meza kwenye kona. Na nunua UPS, ndogo tu, ya kukupa dakika chache za kufunga kazi na kuzima kwa adabu. Stabilaiza peke yake haikupi dakika hizo.

Bakapu usiifanye kwa kuburuta mafaili na mausi, utasahau folda. Tumia robocopy, amri iliyomo ndani ya Windows, unaiandika kwenye PowerShell. Kama kazi ziko D na bakapu imekuwa F:

robocopy D:\Kazi F:\Kazi /E /R:2 /W:5

Inanakili vipya na vilivyobadilika tu. Hizo R na W usiziache, maana bila hizo ikikuta faili isiyosomeka itarudia mara milioni moja, sekunde thelathini kila mara, na asubuhi utaikuta palepale. Mtandaoni utaona watu wanaweka /MIR badala ya /E. Hiyo inafuta kwenye bakapu chochote ulichokifuta kwenye D, yaani inarudisha tatizo lilelile tunalolikimbia. Na kabla ya kuiendesha, fungua video mbili tatu za kwenye D uone zinacheza. Kama kirusi kimeshazifunga, usichomeke bakapu kabisa. Video ghafi usizipandishe mtandaoni, bando litakumaliza. Kazi iliyokamilika, yenye gigabaiti chache, hiyo inafaa kuwa na nakala huko.

Sijajua mfuko wako ukoje. Kama mwezi huu pesa inatosha diski mbili tu, basi usiunge RAID yoyote kwa sasa. Moja ifunge ndani ya kompyuta ufanyie kazi, nyingine iwe bakapu ya kulala kwingine, na robocopy iendeshwe kila baada ya shughuli, kabla hujafuta memori kadi. Ila hiyo ya ndani iwe CMR, kwa sababu itakapopatikana ya tatu, hiyo ya ndani na hiyo mpya ndizo utakazounganisha. Kumbuka tu kwamba Storage Spaces inafuta kila kilichomo kwenye diski inazozichukua, kwa hiyo siku hiyo hakikisha kwanza bakapu ina kila kitu, na ujaribu kufungua mafaili kutoka humo, ndipo uunde kundi na kuyarudisha.